Madam Aliyetupeleka India Kuangalia Mifuko

Nimechoshwa na watu wengi katika maisha haya. Nimechoshwa na mwenye nyumba aliyekuwa akija kila Jumamosi kukagua choo ambacho yeye mwenyewe hakumaliza kukijenga. Nimechoshwa na dereva wa lori la majani ya chai ambaye, naapa, hajawahi kufika kituoni kabla majani hayajageuka ugoro. Lakini waweke hao wote upande mmoja wa mizani, halafu upande wa pili umweke Madam peke yake, na wale wengine watarushwa juu mpaka wagonge mabati.

Simtaji jina, na si kwa kumficha. Hatukulitumia tu. Chuo kilikuwa na walimu wa kike tele, na kila mmoja alikuwa Madam Fulani, lakini ukisema Madam bila kuongeza kitu, hata askari wa lango alijua unamsema nani, na mkono wake ulikwenda wenyewe kufunga kifungo cha juu cha shati.

Alitufundisha ushonaji na ubunifu wa mavazi, darasa la jioni, katika chuo cha ufundi kisicho mbali na Kapkatet. Sisi wa jioni tulikuwa watu ambao mchana ulikuwa umeshatutumia. Mimi nilikuwa nabeba magunia ya majani kwenye kituo cha kupimia chai. Nyaboke, niliyekaa naye meza moja, alichuma chai kwenye shamba la kampuni ambako wazazi wake walihamia kutoka Kisii kabla yeye hajazaliwa. Tulifika darasani tukinuka majani mabichi, na mvua ya Kapkatet, ambayo hukufuata mpaka ndani ya nyumba ikuulize mbona umeingia, ikitiririka kwenye mabega yetu. Madam alituangalia kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba.

"Kaeni," alisema. "Na msiegemee vitambaa."

Neno lake lilikuwa moja: nionyeshe ndani. Ukimpelekea nguo, upande wa nje, ule uliokesha ukiupiga pasi, hakuupa hata salamu. Aliigeuza kama mama anayemgeuza mtoto aone kama amejikojolea. Aliangalia mishono, akavuta nyuzi, akapitisha kidole kwenye kila kona iliyojificha. Siku yangu ya kwanza kumpa suruali nzima niliyoishona mwenyewe, nilikuwa na furaha ya bwana harusi.

"Kiprono, hii ni nini?"

"Ni suruali, Madam."

"Ya nani?"

"Ya mjomba wangu, Madam."

"Mlikosana na mjomba?"

Darasa zima likacheka. Nyaboke alicheka mpaka akalalia cherehani. Madam hakucheka. Alitoa wembe wake, aliouchomeka kwenye kipande cha sabuni kavu ili usimkate mkobani, akaifumua suruali yangu yote. Yote! Mguu huku, mguu kule, kiuno peke yake kama nyoka aliyekanyagwa na trekta. Kisha akanirudishia lile rundo.

"Sasa una kitambaa. Anza."

Niliianza suruali ile mara nyingi kuliko miaka ya Waisraeli jangwani. Mjomba alinenepa akiingoja. Ilipokubaliwa hatimaye, ilibidi niiongezee kiuno.

Ungefikiri hilo lilikuwa la darasani tu. Hapana. Alipokusalimia kwa mkono, dole gumba lake lilikuwa tayari limekunja mwisho wa mkono wa shati lako kuona ulivyopindwa. Hospitalini, akiwa amekwenda kupimwa presha, alimwambia nesi kwamba kola yake imewekwa kinyume, na presha ya nesi ndiyo iliyopanda. Kanisani alimngoja mchungaji mlangoni baada ya ibada, sisi tukidhani ana haja ya maombi, kumbe alitaka kuona joho lilivyopindwa chini. Mchungaji alisimama pale akiwa ameshikwa vazi kama Yusufu, akitabasamu kwa shida.

Na mwenyewe je? Madam alivaa sweta moja ya kahawia, ya mtumba, na sweta ile ilikosa kifungo cha pili kutoka juu miaka yote niliyomjua. Miaka yote. Tulikuwa tukiliangalia lile pengo kama watu wanaomwangalia daktari akivuta sigara. Siku moja Nyaboke, ambaye haogopi mtu wala ng'ombe dume, akauliza.

"Madam, samahani, na hicho kifungo?"

Madam akainamisha kichwa, akalitazama pengo kana kwamba ni mara yake ya kwanza kutambulishwa.

"Nikikaa kushona yangu, nani ataangalia yenu?"

Nyaboke akarudi kwenye cherehani yake.

Jioni za baridi alileta mahindi ya kuchemsha kwenye ndoo iliyofunikwa kwa taulo, kwa sababu alijua wengi wetu tumetoka kazini moja kwa moja. Ukimshukuru alikasirika. "Yamebaki tu nyumbani," alisema, na yalibaki kila siku ya Mungu. Kisha alisimama juu yako uoshe mikono mara mbili, usije ukagusa kitambaa na mafuta ya mahindi, ingawa mahindi ya kuchemsha, kwa ninavyojua mimi, hayana mafuta.

Lakini kitu kilichomsumbua moyo, kile alichokiamkia na kukilalia, kilikuwa ziara. Alitaka kila darasa la jioni, kabla halijamaliza, liende ng'ambo kuona watu wengine wanavyofanya kazi hii. Si kusomea huko. Kuona tu, kukaa kando ya fundi, kushika, kurudi. Alikuwa na hoja yake, na aliisema mara nyingi hivi kwamba hata cherehani zingeisema zenyewe.

"Mtu atabuni nini kama macho yake yamekula chakula kimoja tangu azaliwe? Hawa wa mchana wana wazazi wa kuwapeleka Nairobi. Hawa wa jioni wameona nini? Majani ya chai. Kijani. Kijani mpaka wafe."

Alibisha milango miaka mingi. Hatimaye chuo kimoja cha ufundi kule India, katika mji mmoja wa jimbo la Rajasthan ambako watu huchapa vitambaa kwa vibao vya mti, kikakubali kutupokea wiki mbili. Wafadhili wakapatikana wa tiketi. Bodi ya chuo chetu ikatoa ruhusa, huku ikikunja uso, kwa sharti kwamba tukirudi tuonyeshe tulichojifunza, ndipo iamue kama wengine watafuata.

Siku ile alipotuambia, tulirukaruka kama mbuzi waliofunguliwa. Yeye akangoja tuchoke.

"Nyinyi ni wa kwanza," akasema. "Mkienda kutembea tu, mmewafungia mlango wote walio nyuma yenu. Mnasikia? Wote."

Tukasema tumesikia. Mimi akilini nilikuwa nimeshaandika kibao cha duka: Kiprono, Fundi wa Kimataifa, Suti za Harusi. Nilitaka suti. Nilitaka kurudi nikijua siri zote za kola na lapeli za makoti duniani, nimvishe kila bwana harusi kutoka Sotik mpaka Londiani. Kisha Madam akaanza kugawa kazi. Kila mtu, alisema, atapewa kitu kimoja, na hicho ndicho atakachokiangalia ziara nzima. Kingine aone, sawa, ana macho, lakini hicho akisome.

"Nyaboke, matundu ya vifungo."

"Wiki mbili, Madam? Matundu?"

"Ukimaliza mapema uniambie. Kiprono, mifuko."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea.

"Mifuko tu, Madam?"

"Mifuko."

"Ya nje ama ya ndani?"

"Haya," alisema, na kwa mara ya kwanza nikaona kama anataka kutabasamu. "Sasa umeanza kusoma."

Kwenye ndege, mwanamke huyu ambaye alikuwa ametuhubiria safari miaka nenda miaka rudi alishika viti viwili, chake na changu, pamoja na mkono wangu uliokuwa katikati, akasali kwa sauti tangu magurudumu yalipoondoka ardhini. Sala zake zilikuwa na maagizo ndani yake. "Bwana, tushike mbinguni hapa. Na umsaidie Kiprono aache kushona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Na Nyaboke umpe subira, kwa maana uzi wake anauvuta kama kamba ya ndama." Watu wa viti vya mbele waligeuka kuwaona hao Kiprono na Nyaboke wenye dhambi.

Simu zetu alizikusanya kila asubuhi, akazitia mkobani. "Mkipiga picha, simu ndiyo itakuwa imeona," alisema. Na bado, kule India ng'ombe hutembea barabarani kama wenye mji, na kila alipokutana na ng'ombe Madam alitoa simu yake mwenyewe akampiga picha. Mbele, nyuma, kiwele. "Hii ikipelekwa Sotik ipewe nyasi ya napia, itajaza debe," alisema. Alirudi nyumbani na picha za ng'ombe za kutosha kufungua mnada. Chai yao ya viungo aliilaumu kila kikombe, kwamba wameiharibu, kwamba majani yetu yamesafiri njia yote hiyo kuja kutukanwa na iliki. Kisha akaomba kikombe kingine.

Kwenye hosteli tulikuwa na wanafunzi wa chuo kingine, sijui walitoka nchi gani, ambao kila siku walipakiwa basini kwenda kuona kasri na ngome, wakarudi jioni wamevaa vilemba na kucheka. Sisi? Sisi tulikaa katika karakana moja. Moja! Asubuhi mpaka jioni, juu ya mikeka, tukiangalia watu wakigonga vibao kwenye kitambaa, tap, tap, tap, na wengine wakikata na kushona vile vitambaa vilivyokauka. Siku ya tatu nikamfuata Madam.

"Madam, si tungeenda hata kuona hilo kasri mara moja? Tutawaambia nini watu nyumbani?"

"Lina mifuko?"

"Kasri?"

"Nimekuuliza, lina mifuko?"

Nyaboke, bila kuinua kichwa kutoka kwa shati alilolishika karibu na pua, akasema, "Kiprono, kaa chini. Hata mimi kuna tundu hapa limefungwa vizuri mpaka nataka kulia."

Nikakaa. Na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya, niliangalia mifuko. Niliiangalia mpaka nikaiota. Nikaanza kuona kwamba kanzu fupi za wanaume wa kule zina mfuko usioonekana: umejificha ndani ya mshono wa ubavuni, na mkono unaingia kama unaingia nyumbani kwake. Nilitaka kujua umeshikiliwa na nini usichanike. Nikaanza kuwafuata watu sokoni nikikodolea macho mbavu zao. Jamani, mtu mzima kutoka Kenya, katikati ya umati, anainama na kuchungulia mifuko ya watu wasiomjua! Kilichofuata ni kile ambacho wewe ungekitarajia, lakini mimi sikukitarajia. Mzee mmoja alinikamata kifundo cha mkono akapiga kelele, na kabla sijameza mate nilikuwa nimezungukwa na nusu ya India.

Madam alifika akipasua watu kama trekta inavyopasua matope. Nilifikiri ataomba radhi. Badala yake alimwambia yule mzee, kwa Kiingereza chake cha kupigiwa pasi, kwamba huyu si mwizi, ni mwanafunzi, na anaujifunza mfuko wako. Mtu fulani akatafsiri. Yule mzee akaniangalia, akauangalia mfuko wake kana kwamba haujawahi kumtokea, akaanza kucheka mpaka meno yake ya nyuma yakaonekana. Akaugeuza nje wote, akautikisa, makombo ya njugu yakamwagika, akanivuta karibu nione. Nikaona. Ncha mbili za mdomo wa mfuko zilikuwa zimefungwa kwa mshono mdogo wa kwenda na kurudi, na chini pembe zilikuwa za mviringo ili vumbi lisipate pa kulala. Kitu kidogo kabisa. Madam alisimama nyuma yangu.

"Umeona?"

"Nimeona, Madam."

"Basi pumua, twende."

Tuliporudi nyumbani, jamaa zetu walikuwa wanatungoja kwenye lango la chuo kama tumeshinda mbio za dunia. Kwetu Wakipsigis, mtu akirudi na ushindi hupokewa kwa mursik, yale maziwa ya kibuyu yaliyogandishwa kwa mkaa, na kogo wangu, nyanya yangu mzaa mama, alikuwa ametoka Ndanai na kibuyu chake kikubwa kilichopambwa shanga. Amesimama mbele kabisa, amevaa kitambaa cha kichwa cha Krismasi. Nikateremka nikafungua mdomo tayari. Madam akaweka mkono kati ya mdomo wangu na kibuyu.

"Bado, kogo. Hawajashinda kitu. Wataonyesha kwanza, ndipo wanywe."

Nilitamani ardhi inimeze, kwa aibu na kwa kiu. Unamzuiaje nyanya ya mtu? Lakini kogo wangu hakuwa mtu wa kuzuiwa na watu wa cherehani.

"Mwalimu," akasema polepole, "wewe umesoma. Lakini hii maziwa haiulizi kama ameshinda. Inauliza kama amerudi."

"Lakini kogo, desturi ni kwamba..."

"Wewe umerudi ama bado uko huko?"

Madam akasema amerudi. Kogo akamwekea kibuyu mdomoni mwenyewe, na Madam akanywa, akanywa tena, akajipangusa kwa mkono wa sweta, akashukuru, "Kongoi, mama." Alikuwa wa kwanza kunywa. Kisha akatugeukia kana kwamba sisi ndio tuliochelewesha.

Sasa nifike mahali panaponikera hadi leo. Siku ya kuonyesha.

Ukumbi ulijaa. Wazazi, walimu, bodi nzima mbele kwenye viti vyenye mito, na mwenyekiti wa bodi katikati, mzee wa heshima mwenye mashamba ya chai na koti jeusi la mistari. Wote tulijua kinachotakiwa. Watu walitaka kuona kitu! Nyaboke alikuwa ameshona gauni kutoka kwa kitambaa alichopewa zawadi kule, gauni refu la bluu, ambalo angelivaa, akapita mara mbili na muziki nyuma, bodi ingeidhinisha ziara mpaka mwezini. Tulimwambia Madam hivyo. Tulimsihi.

"Na gauni litawaambia nini?" akauliza.

"Litawaambia tumefika India!"

"Wanajua mmefika. Wanataka kujua kama mmerudi na kitu."

"Madam, tafadhali, hawa si mafundi. Hawa wanataka kufurahi kidogo tu, wapige makofi, waseme ndiyo."

Hakutaka. Alipanga nguo zetu mezani, zote zimegeuzwa ndani nje, na akazipitisha kwa bodi, mkono kwa mkono, kama sadaka. Mimi nikaeleza mfuko. Nyaboke akaeleza tundu la kifungo. Watu wakaanza kupiga miayo. Mwenyekiti aliinua shati langu kwa vidole viwili.

"Mwalimu, hii shati mbona imegeuzwa?"

"Ndiyo muisome, Mwenyekiti."

"Sasa mwalimu, tumewatoa hawa vijana hapa, wamepanda ndege, wamevuka bahari, ili waangalie mifuko?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Hapo, kama angenyamaza, bado tungepona. Ningeweza kuingiza mzaha, Nyaboke angekimbia kuvaa gauni. Lakini Madam alikuwa ameshaizunguka meza, amesimama mbele ya yule mzee.

"Mwenyekiti, nionyeshe ndani ya koti yako."

Nikafunga macho. Nikafungua. Mzee akasema, "Ati?" na kabla hajamaliza, ule mkono wa Madam, ule usiojua kuwa kuna watu na kuna nguo, ulikuwa umeshakunja upande wa koti lake mbele ya ukumbi mzima. Bitana ilikuwa imechanika toka kwapani mpaka chini. Na ilikuwa imeshikiliwa, Mungu anisamehe kwa kusema, na pini za stepla. Pini za kubania karatasi za ofisi! Zimepangwa kwa mstari, zinang'aa.

"Mnaona," Madam akawaambia watu, bila ubaya wowote, kama anayefundisha. "Nje ni koti. Ndani ni karatasi."

Ukumbi ulilipuka. Wazee walishikana. Mama mmoja alitoka nje kwa kucheka. Mwenyekiti alifunga koti lake polepole, kifungo kimoja, kifungo cha pili, na uso wake ulikuwa umekwisha kufungwa kabla ya koti. Alisimama akasema ziara zitasimamishwa mpaka hapo bodi itakapoona faida yake, jambo ambalo kwa lugha ya bodi maana yake ni mpaka Yesu arudi.

Nilimkuta Madam nyuma ya ukumbi.

"Madam, si ungemwacha tu na koti yake!"

"Ilikuwa na pini, Kiprono."

"Najua ilikuwa na pini! Ukumbi wote unajua! Sasa walio nyuma yetu? Ulisema wewe mwenyewe, mlango."

Kidole chake kilikuwa kwenye lile pengo la sweta, kinaingia na kutoka.

"Pini ya karatasi," akasema tena, kwa sauti ya mtu anayeelewa alichokifanya na bado haelewi angefanyaje tofauti.

Darasa lililofuata lilimaliza bila kwenda kokote. Na lile lililofuata. Kila bodi ilipokaa, Madam alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, mkoba magotini, akingoja aitwe, na hakuitwa. Kila nilipopita nikamwona pale, nilitaka kumfokea na kumletea chai kwa wakati mmoja. Alistaafu akiwa bado kwenye lile benchi, ukipenda.

Mimi nilifungua duka Kaplong. Suti za harusi hazijanitafuta, bwana harusi wa huku huenda Kericho mjini. Wanaonijia ni wachuma chai. Wanataka aproni na sketi za kazini zenye mfuko wa ubavuni, usioingia maji, wa kutia simu, usiochanika ukiinama siku nzima. Watu wanaliita duka la mifuko. Wanatoka hadi Litein. Sisemi zaidi ya hapo, maana nikisema zaidi nitakuwa nimempa ushindi.

Juzi, Januari hii, wakati ambao fundi yeyote wa sare hatakiwi hata kusemeshwa, Madam aliingia. Nilikuwa nimezikwa kwenye kaptura na mashati, shule zinafunguliwa wiki ijayo, wazazi wananitukana kwa simu. Amezeeka. Goti moja analiburuta. Sweta ile ile. Hakusema chamgei wala hujambo. Alichukua shati la juu kwenye rundo, akaligeuza, akalitazama. Nikasubiri kama mtoto. Akalirudisha bila kusema kitu, na kwa Madam hiyo ni nishani.

"Mwenyekiti mpya ameingia," akasema, akitafuta kiti.

"Nimesikia."

"Wamekubali ziara. Darasa la jioni. Wanatoka mwezi ujao."

Nilisimama. Nilimshika mikono yote miwili, nikasahau yote, nikacheka. "Madam! Wamekubali? Kweli? Umewafanya nini?"

"Wamekubali kwa sharti."

"Sharti gani?"

Alinyoosha kitambaa kilichokuwa mezani, ambacho hakikuwa na kikunjo.

"Nisiende."

Niliiachia mikono yake.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema sawa." Akakohoa. "Sasa wanataka mtu wa kuwaongoza. Mtu aliyewahi kwenda. Anayejua kukaa."

Aliniangalia. Nikaelewa.

"Hapana. Madam, hapana. Ona hili rundo. Ona! Sare za shule tatu. Wakirudi wazazi hawa wataniua, na nikishazimaliza kuna aproni za watu tangu Novemba. Wiki mbili? Mimi nifunge duka wiki mbili? Mwite Nyaboke!"

"Nyaboke ana mtoto mchanga."

"Basi mwite mtu mwingine! Miaka hiyo yote, kwani nilikuwa mwanafunzi wako peke yangu? Nina kodi, nina wateja, huwezi tu kuingia kwenye duka ya mtu..."

Nilisema mengi, mimi ambaye hata kwenye mazishi huombwa nifupishe. Nilisema vizuri, hata. Nilipogeuka alikuwa ameshakaa kwenye cherehani yangu, amesogeza kiti, ameweka lile goti bovu pembeni, na anatia uzi kwenye sindano bila miwani. Akavuta kaptura ya kwanza.

"Madam, unafanya nini?"

Cherehani ikaanza kulia. Tena haraka kuliko ninavyoiendesha mimi.

Wakati huo mama mmoja akaingia, mtoto mgongoni, ameshika risiti, amekasirika tayari kutoka barabarani.

"Nimekuja kuchukua ile sare. Mwenye duka ako wapi?"

"Amesafiri," Madam akamjibu, bila kuinua kichwa.

Na mimi nimesimama pale pale kati yao, mkasi mkononi.